Isome Mara Tatu

Mwaka 1936, siku Roza alipogongana na Jairo, bandari ya Mwanza ilikuwa imefurika, maana meli ya Bukoba ndiyo kwanza imefunga gatini. Roza, fundi cherehani, alivaa gauni la maua ya bluu aliloshona mwenyewe. Jairo, kijana wa Musoma mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi, alitembea huku anasoma karatasi.

"Kaka, njia haimo humo," Roza alimwambia, akiokota vifungo vyake vilivyomwagika.

"Nisamehe, dada. Najifunza kazi. Humu imo nyumba nzima."

Roza akacheka. Jairo, macho yakimng'aa, akamweleza habari za rehani: mwajiri wake, mzee Vasant, hukopesha fedha kwa hati ya nyumba. Hati inalala kwenye sefu, mwenye nyumba analala kwake, na hakuna tofali linalosogezwa. Jambo hilo lilimstaajabisha hata akasahau kula. Roza hakuwahi kuona mwanamume akipendeza kwa sababu ya karatasi.

Wiki tano walikutana gatini kila jioni. Jumamosi ya sita Roza alirudi kutoka sokoni, akamkuta Jairo uani kwao na futi kamba, anapima nyumba aliyoiacha marehemu baba yake Roza.

"Kumbe ulikuwa unaitafuta nyumba hii."

"Roza, sikujua ni kwenu. Nimetumwa, na siruhusiwi kusema siri ya mteja."

"Basi usiseme kabisa. Na gatini usinitafute."

Mteja alikuwa mama yake Roza, Dorotea. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, akataka kuezeka bati, akamficha bintiye asimzuie. Jumatatu Roza alimfuata hadi ofisini kwa Vasant. Desturi ya pale, hati ya rehani ilisomwa kwa sauti mara tatu kabla mkopaji hajatia dole gumba. Msomaji alikuwa Jairo.

"Na asipolipa?" Roza aliuliza, akimkazia macho.

Jairo alimtazama mwajiri wake, kisha akamgeukia Dorotea. "Ukikosa miezi mitatu mfululizo, mama, nyumba inauzwa. Mnatoka. Kama huna uhakika, usitie dole."

Roza aliacha kumkazia macho, kwa kuwa kijana huyu alikuwa ameiweka kazi yake rehani mbele ya tajiri wake.

"Endelea," Vasant alisema taratibu. "Bado mara mbili."

Dorotea alisikiliza mara zote tatu, akapiga hesabu ya dagaa anaowauza na cherehani ya bintiye, kisha akatia dole. Jioni ile Roza alikuwa gatini mapema kuliko Jairo.

Baada ya miaka miwili hati ilitoka kwenye sefu, deni limekwisha. Wiki hiyohiyo Jairo alimpeleka Roza kwenye kiwanja kitupu Kirumba, ziwa likimeremeta chini yao.

"Nataka hati ya hapa iwe na majina mawili. La mume na la mke. Utakubali?"

"Isome mara tatu kwanza."

Jairo akasema mara ya kwanza, akasema ya pili. Ya tatu sauti ilimkatika, Roza akaimalizia mwenyewe.