Kicheko Ndani ya Kanda ya Kohó

Kicheko kile hakikuwamo. Dezső angeapa mbele ya padri, maana kanda ile aliijua kuliko alivyomjua mkewe: kila kikohozi cha ukumbini, kila chupa iliyoanguka. Ilikuwa kanda pekee ya onyesho la mwisho la bendi ya Kohó, lililopigwa hapahapa mjini Miskolc, na mwimbaji akafa usiku uleule kabla jasho la jukwaani halijamkauka. Sasa, baada ya wimbo wa nne, mwanamke alicheka.

"Umerekodi juu yake, mshenzi wewe!" Ottó, shabiki mwenzake, alifoka, chembe za andazi la chumvi zikimruka mdomoni. Kwa mashabiki wa Kohó, hata kumuua mama mkwe kunasameheka kabla ya hilo.

"Kwa mashine gani? Hii inapiga tu, hairekodi. Hebu sikiliza tena."

Wakasikiliza. Safari hii hawakupiga makofi, ingawa ndiyo desturi yao kila Jumapili: watu wa ndani ya kanda wakishangilia, na wao jikoni hushangilia, na mvi zao vichwani. Jumapili iliyopita Ilka, mke wa Dezső, aliwaletea maandazi akawakuta katikati ya makofi hayo, akaangua kicheko.

"Lo! Wazee wazima mnampigia maiti makofi! Akiinama kuwashukuru mtakimbilia wapi?"

Jumatatu aliamka hana sauti. Mafua hayo, daktari akasema.

Dezső akageuka. Ilka alikuwa amesimama mlangoni, sahani mkononi. Alikuwa amekitambua kicheko chake. Mdomo ulikuwa wazi, na haukutoa hata mguno.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Harufu ya sigara, bia iliyomwagika na vumbi lililoungua ikajaa jikoni ambamo havuti mtu, na kila Dezső alipoikaribia mashine, hata ikiwa imezimwa, alisikia umati ukivuta pumzi, wengi kwa wengi, kama watu wanaongoja taa za jukwaa ziwake, na kati yao Ilka wake akicheka, akicheka, kicheko kikichoka na kuelekea kilio, wakati Ilka mwenyewe amekaa mezani anamenya viazi, macho makavu.

Akaitwa Bibi Rozál, mganga wa walioshtuliwa. Alimfunika Ilka shuka, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, akamimina humo madini ya risasi yaliyoyeyuka, aone kilichomshtua. Maji yakalia chwaaa! Risasi ikaganda umbo la mdomo uliofumbuka.

"Mwanangu, jini huyu anakula shangwe," Bibi akanong'ona. "Miaka yote mmemlisha makofi. Mkeo kamcheka, naye kamchukulia sauti. Ifute hiyo kanda. Yote."

"Bibi, ni ya pekee duniani!"

"Na wake unao wangapi?"

Dezső akalia kama mtoto, akaomba apewe mpaka kesho. Lakini shabiki ni shabiki. Akaazima mashine ya Ottó ya kurekodia, akatoa nakala, akaificha ndani ya buti la theluji. Kesho yake, kwa mashine hiyohiyo, akaifuta ile ya asili mbele ya Bibi, uso umemjaa utakatifu.

Ilka akakohoa. "Dezső," akasema. "Viazi vinaungua."

Bibi Rozál akajifanyia ishara ya msalaba, akaondoka. Dezső akamkumbatia mkewe, akamwomba aseme tena, lolote, hata amtukane. Ilka akamtukana vizuri sana, matusi yote aliyokuwa amelimbikiza. Dezső alikuwa anacheka kwa furaha, kisha akaacha kucheka.

Nyuma ya sauti ya mkewe palikuwa na mchakarisho mwembamba, kama mafuta yanayochemka kikaangoni katika chumba cha mbali. Aliujua. Ndio unaokaa katika kila nakala ya kanda. Sauti ya asili alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona unanitazama hivyo, mume wangu?" Ilka akauliza.

Alipofumba mdomo, ndani ya kifua chake, mbali sana, umati ukapiga makofi. Na mikono ya Dezső, kwa mazoea ya miaka yote ile, ikaanza kuitikia.