Chemchemi Iliyokwanguliwa

Ramani ya zamani ya bonde ilikuwa imelowa mahali pamoja tu, penye chemchemi. Mchoraji wa ramani aligusa, akanusa kidole. Tope na mavi ya ng'ombe, ofisini ghorofa ya tatu, kwenye meza kavu!

"Ikwangue hiyo," bosi alisema. "Wafugaji wakiipeleka mahakamani, bonde haliuziki."

"Lakini bosi, mifugo yao inanywa hapo tangu enzi za babu zao."

"Una mtoto mchanga. Kazi unaitaka, huitaki?"

Mtu mzima ovyo! Mchoraji, mama wa watu, alimeza hasira, akashika wembe, akakwangua rangi ya buluu taratibu, kama wachoraji wanavyofuta makosa. Karatasi ilikoroma kama ng'ombe anayechinjwa.

Jioni mtoto alishika titi, akaliachia, akalia. Maziwa yalikuwa yamekauka, hata tone halikutoka. Mama mkwe alimkanda mchoraji matiti kwa maji ya moto, wapi! Mtoto hakutaka chupa wala kijiko, na sauti yake ilianza kufifia.

"Mwanangu," mama mkwe alinong'ona, "nani anapumua nyuma ya mlango?"

Hapakuwa na mtu, ila harufu ya ngozi mbichi ilipenya chini ya mlango, kwato zikagonga sakafu ya ukumbini, zikaja, zikazunguka kitanda ambacho wote wawili walikuwa wamejikunyata juu yake pamoja na mtoto, na pumzi nzito ikamshukia mchoraji shingoni, ikasema: "Umeziba kwangu. Nami nimeziba kwako."

Asubuhi aliingia ofisini na mtoto mgongoni, akachukua kalamu, akairudisha chemchemi pale pale. Blauzi ikalowa maziwa. Akaketi, akamnyonyesha huku machozi yakimtoka.

"Nani kakuruhusu?" bosi alifoka.

"Mwanangu nusura afe kwa tamaa yako! Kama unaona rahisi, kwangua mwenyewe!"

Bosi aliunyakua wembe, akakwangua kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akakohoa. Akanywa glasi ya maji, akanywa jagi zima, akakimbilia bomba, akarudi midomo imepasuka, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Kwato zilikuwa zinapanda ngazi.

"Ichore," alikoroma, akipiga magoti. "Mama, nakuomba, ichore irudi!"

Mchoraji aliitazama kalamu mezani. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Subiri," alisema. "Hajashiba."