Ukurasa wa Kuazima

Kila Jumamosi Wangechi alifagia sakafu ya maktaba, akapangusa meza, kisha akammiminia mama yake chai. Mama yake, Gathoni, alikuwa mkutubi katika maktaba ndogo ya utafiti mjini Kitale. Jumamosi hii hata chai hakuigusa. Miguu ilimuuma, macho yalimwasha kwa vumbi, na stima ilikuwa imepotea na taa kuzimika tangu asubuhi.

Mezani palikuwa na kitabu chembamba cha hadithi na nyimbo za Kibukusu, kilichopigwa chapa kabla nyanya yake Wangechi hajazaliwa. Nakala mbili tu zilijulikana. Hii ya Kitale ilikuwa imeliwa na mchwa kurasa za mwanzo. Ile ya maktaba ya Bungoma ilikosa kurasa za mwisho. Maktaba hizo mbili zilikuwa zimekubaliana: kurasa za mwanzo zipigwe picha kutoka nakala ya Bungoma, zinazobaki kutoka ya Kitale. Hivyo kitabu kizima kingepatikana, na watoto wa Sirisia na Bumula, wanaosema Kibukusu, wangekisoma kwenye simu.

"Bwana Wakhungu wa Bungoma ameshafika stendi na kitabu chao," Mama alisema. "Naenda kumpokea. Hiki usikiguse."

Wangechi alikigusa. Alitaka tu kuona picha ya ng'ombe aliyosikia imo katikati. Ukurasa ukachanika.

Akachukua selotepu, akaubandika kama alivyozoea kubandika vitabu vyake vya shule. Ndipo alipokumbuka Mama husema selotepu ni sumu kwa karatasi kuukuu. Akaibandua haraka. Maandishi yakang'oka nayo. Akaisokota, akaitia mfukoni, akafunga kitabu.

Bwana Wakhungu aliingia amekumbatia boksi.

"Barabara imenimaliza, bana! Nimelibeba hili kifuani kama mtoto mchanga."

"Na mimi nimechoka kama punda wa soko la Chwele," Mama alijibu. "Tufanye kazi tumalize."

Walipiga picha za kurasa za mwanzo polepole. Kila karatasi ililia kama jani kavu. Walipomaliza, Bwana Wakhungu alianza kukifunga kitabu chake kwa kitambaa.

"Hiki hakifunguliwi tena," alisema. "Kinavunjika mkononi. Kikifika Bungoma kinafungiwa kabatini."

Wangechi alihisi selotepu ikimchoma mfukoni. Nje mawingu yalikuwa yametanda, na mzee alikuwa akitafuta kofia yake.

"Mama, ngoja." Wangechi aliingiza mkono mfukoni. "Nimeharibu ukurasa wa kitabu chetu. Ule wa ng'ombe."

Akaweka selotepu mezani. Herufi zilionekana juu yake, nyeusi.

Mama aliketi. Hakupiga kelele, hakuwa na nguvu hizo. "Nilikwambia nini, Wangechi?"

"Nisikiguse."

"Ati tulikuwa karibu kumaliza!" Mama alishusha pumzi. "Mzee, nakuomba. Fungua tena, huenda ukurasa huo umo kwenye chenu."

Bwana Wakhungu alitazama mawingu, akatazama boksi, akavua kofia. "Haya. Afadhali ninyeshewe."

Alikifungua kwa ncha za vidole. Ukurasa ulikuwepo. Doa la maji lilikuwa pembeni, lakini kila neno lilisomeka, na ng'ombe alikuwa na pembe zake zote. Mama alipiga picha, akaikagua, akapiga nyingine.

Mzee alipokwisha kuondoka, mvua ilianza kupiga mabati. Wangechi alimletea mama yake kikombe cha chai iliyopoa.

"Utanipiga?"

"Nimechoka, na kukupiga hakurudishi maandishi. Kuanzia leo utafagia bila kukaribia meza, mpaka nikwambie." Mama alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini. "Lakini sikiza. Hata sisi wakubwa tunakosa kurasa, ndiyo sababu tunasaidiana. Ukurasa tumeuazima Bungoma kwa sababu umesema. Ungenyamaza, ukweli tungeuazima wapi?"