Bahari Inayohesabiwa Barabara

Kila asubuhi meli kubwa huingia mtoni Devonport, mji wa kisiwani, na kila asubuhi jiko la Janelle huingia giza kidogo. Meli hupita polepole nyuma ya kamba ya nguo, kama ukuta unaotembea. Ina ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la mji.

Janelle alizaliwa hapa. Hajawahi kuipanda.

"Ile ni ya wageni wenye nyumba za kukokotwa na magari," mumewe Lyndon husema, akipaka mkate siagi. "Sisi kazi yetu kuiangalia."

Lyndon ni mfanyakazi wa ghala la vitunguu. Wana mtoto mmoja, Tahlia, wa miaka minane. Mgongo wake umepinda. Kiti chake cha magurudumu kimelazwa nyuma, kwa hiyo huona dari na mawingu kuliko anavyoona watu. Gari lao lina ubao wa kupandishia kiti na mikanda ya kukifunga.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka hospitali ya Melbourne, ng'ambo ya bahari. Janelle akaisoma kwa sauti. Tahlia atapasuliwa mgongo tarehe kumi na tisa Machi. Asipofika, atarudi mwisho wa foleni.

Wote wawili walijua maana yake. Daktari alikwisha kuwaambia kwamba mgongo ukizidi kupinda utabana mapafu.

Mwaka uliopita walikwenda kwa ndege. Kiti kikavunjika njiani. Tahlia akalala siku tatu katika nyumba ya wageni, na miadi ikapita. Safari hii walihitaji gari lao.

Lyndon akaenda yadi ya mizigo, kwa rafiki aliyesoma naye. Alitaka gari litangulie kwa meli ya mizigo, kiti kikiwa kimefungwa ndani, wao wafuate kwa ndege. Alirudi uso umemshuka.

"Wanataka kiasi gani?" Janelle akauliza.

"Kiasi cha kunichekesha," Lyndon akasema, wala hakucheka. "Itabidi tuwaombe hospitali watupe tarehe nyingine."

Jirani yao Merle alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kurudisha bakuli. Mama huyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili ndani ya meli ile, akipanga magari.

"Kwani gari lako ni kitunguu?" akamwuliza Lyndon. "Mbona unalituma kama gunia?"

"Nilipeleke vipi basi? Nilibebe mgongoni?"

"Kaa nalo. Panda nalo meli ile pale, wewe na mkeo na mtoto." Merle akavuta kiti. "Sikiliza. Watu wa bara wakitaka kwenda mji mwingine, wanaendesha tu. Barabara yetu sisi ina maji. Kwa hiyo serikali inaihesabu bahari hii kama barabara. Inalipia sehemu ya nauli ya gari la mtu anayesafiri nalo. Imefanya hivyo miaka mingi."

"Kwa wageni."

"Kwa anayekuja na kwa anayekwenda. Na wewe umo."

Lyndon, aliyekuwa ameanza kukata mkate, akaweka kisu chini. "Hapo lazima kuna fomu." Kusoma kwake ni kwa kubahatisha, na fomu ndefu humtoa jasho.

"Hakuna. Ukikata tiketi, wanalitoa punguzo wenyewe. Ila gari lisafiri na dereva wake, meli moja. Ukilituma peke yake ni mzigo, punguzo hili hulipati. Na lisiwe la biashara. Usije ukapakia vitunguu vya kuuza, nakujua."

"Nilifikiria magunia mawili tu."

"Hata hayo mawili yaache."

"Na Tahlia je?" Janelle akauliza.

"Mwambie karani mapema, mwanangu. Gari litawekwa karibu na lifti. Halafu pimeni urefu wa gari, na kimo chake mpaka juu ya paa. Msikisie. Magari marefu yana sehemu yake."

Lyndon akatoka na futi kamba. Merle akasimama barazani akimsimamia.

"Umepima kioo, Lyndon. Paa liko juu zaidi."

"Nafika huko, Merle. Mimi si twiga."

Kwenye dirisha la tiketi, karani aliwaonyesha kwa kidole mistari mitatu ya tiketi. "Hii ni bei kamili ya gari. Hii ni sehemu ya serikali. Hii iliyobaki ni yenu."

Janelle aliuangalia mstari ule wa katikati kwa muda mrefu. Mtu fulani, mahali fulani, asiyewajua kwa jina, aliitazama ramani akaona kwamba na wao wanahitaji barabara.

Wakasafiri asubuhi ya tarehe kumi na saba. Mlango wa meli ulikuwa wazi kama pango. Ndani, malori yalisimama yakaonekana kama vitu vya kuchezea. Lyndon aliendesha taratibu. Lifti ikawapandisha juu.

Saa sita nchi kavu ilitoweka. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na ndege hata mmoja. Tahlia, akiwa amelala kitini mwake, aliliona anga tu.

"Baba, bahari ikoje?"

Lyndon alivua kofia. "Haina mwisho, mwanangu. Na sisi tumo katikati, na gari letu."

Jioni waliteremka na gari mpaka mlango wa hospitali. Tarehe kumi na tisa, saa mbili asubuhi, Tahlia aliingizwa chumba cha upasuaji.

Wiki sita baadaye wakarudi kwa meli ileile, gari likiwa chini na punguzo lilelile kwenye tiketi. Lyndon akakisukuma kiti hadi dirishani. Sasa kilikuwa kimesimama wima, na Tahlia alikuwa wima ndani yake. Akaweka viganja viwili kwenye kioo. Bahari yote ilikuwa mbele ya macho yake.

Akafuata wimbi moja kwa kidole, kisha jingine.

"Mama," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "hamkuniambia kwamba inasogea."