Mama Anataka Mwanya Wake

Ukimsikiliza jirani yetu, yule tunayemwita Redio, mama yangu alimfukuza fundi makochi kwa pasi ya moto. Anasema fundi alipotamka tu neno la ndoa, mama aliinua pasi juu, fundi akatoka mbio na shati akaliacha. Mtaa mzima uliamini.

Pasi ilikuwepo, sikatai. Mama hupiga pasi nguo za watu pale barazani kwetu, sasa angeshika nini kingine? Shati nalo lilikuwepo. Fundi alikuwa haachi kuleta shati, hata lililokwisha kunyooshwa, na mama alilipokea akalinyoosha tena bila kuuliza. Mimi nilikuwa pale pale nakunja nguo, nikasikia maneno yenyewe.

— Bibie, mke wangu alishatangulia, mumeo naye alishatangulia. Hao hawarudi kutupikia chai. Nioe basi wewe, maana mimi kukuoa naogopa utakataa.

Mama alicheka kwa sauti. Halafu ghafla akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia ndani. Fundi akabaki anatazama pazia. Akajua amekataliwa.

Kumbe jino lilikuwa limemdondokea mkononi.

Mama alizaliwa na mwanya, kama bibi, kama mimi. Watu walimsifia tangu usichana wake. Miaka ya karibuni mwanya ukawa unapanuka, na sifa nazo zikapanuka: wakasema mwenzetu anazidi umri na urembo unaongezeka. Alifurahi. Damu iliyokuwa inatoka akipiga mswaki hakuijali.

Daktari wa meno alipomwangalia alitikisa kichwa. Alitueleza taratibu kwamba mwanya wa kuzaliwa nao si ugonjwa. Mara nyingi ni kile kijinyama kinachoshikilia mdomo wa juu kimeshuka hadi katikati ya meno, au meno ni madogo na taya ni kubwa. Anayeupenda anauacha, asiyeupenda anavutwa meno kwa nyaya au anajaziwa kidogo pembeni. Lakini mwanya unaopanuka ukubwani ni wa kuuogopa, kwa sababu meno yanahama, ufizi unaumwa. Angewahi, angetibiwa. Sasa jino moja lilikuwa limeshatoka, na matatu mengine ya mbele yalikuwa yanacheza, ikabidi yang'olewe. Nami nikakaguliwa, wangu ukaonekana ni wa kurithi tu.

Ufizi ulipopona, fundi wa meno ya bandia akamtengenezea mengine. Yalikuja meupe, yamebanana kama vigae. Mama alijitazama kwenye kioo, akashukuru. Tulipofika nyumbani akayatia kwenye kikombe.

Muda wote huo fundi makochi hakukanyaga kwetu. Tulimwona akipita na shati limekunjamana mgongoni, mama akiumia kuliko mwenye shati. Mwishowe nikampelekea lile aliloliacha. Nilimkuta anavalisha kochi kitambaa, misumari midogo imejaa mdomoni. Nikamwambia mama hakumkataa, alikuwa anaumwa meno. Akatema misumari kiganjani.

— Meno? Mimi nimekosa usingizi wote huu kwa ajili ya meno?

Kesho yake asubuhi akaja na shati. Mama akayavaa yale meno mapya haraka haraka. Fundi akasema yamependeza, kisha, kama kawaida yake, akasimulia kisa cha mteja aliyeng'ang'ania kukalia kochi kabla halijawekwa sponji, akazama mpaka magoti yakamgonga kidevu. Mimi nilicheka hadi machozi. Mama alibana midomo, akaendelea kunyoosha kola. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yake:

"Bibie samahani. Nimeona visa vyangu havikufurahishi tena. Sitakusumbua."

Mama aliusoma, akanipa simu nami nisome. Nikamuuliza kama kweli kisa hakikumchekesha.

— Nusura nipasuke mbavu. Nilijizuia.

— Kwa nini, mama?

— Nikicheka na meno haya, anacheka mtu mwingine. Hata mimi simjui. Kesho twende kwa yule fundi wa meno. Nataka mwanya wangu.

— Kwa ajili yake?

— Kwa ajili yangu. Yeye ataukuta.

Fundi wa meno alishangaa. Alisema kila siku watu wanamwomba awazibie, kwa hiyo alidhani amempa mama zawadi. Mama akamshukuru kwa zawadi, akaomba arudishiwe kilicho chake.

— Lakini usinipe ule wa juzi, ule ulikuwa maradhi. Nipe wa usichana.

Wa usichana angeupata wapi? Fundi wa meno akaniangalia, akaniambia nifungue mdomo. Akaupima wangu.

Siku mama alipovaa yale ya pili alikaa mbele ya kioo hadi nikapika, nikapakua, chakula kikapoa. Akachukua simu mwenyewe, akaandika maneno mawili: "Lete shati."

Fundi makochi alifika amelivaa, hakukumbuka kuleta lingine. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kituoni, akaanza kuomba radhi kwa kisa cha kochi. Mama akamuuliza yule mteja alitolewaje humo ndani. Fundi akasema walimvuta watu watatu, na alipotoka aliuliza kama kochi linapatikana la rangi nyingine.

Mama alicheka. Kicheko kilitoka chote, kichwa kikaenda nyuma, mikono ikabaki mapajani. Fundi akamtazama, akasahau alichotaka kusema, na alipokikumbuka sauti ilikuwa imeshuka.

— Bibie, sasa siongei mzaha. Naomba niwalete kaka zangu waje wawaone wakubwa wako. Niwalete?

Mama aligeuka kwangu, akaniambia niondoe nguo za watu kwenye kiti cha pili kando yake, fundi akae.