Bei ya Wenye Daftari

Nimia alikwenda soko la Mercado Cuatro kununua zipu za wateja wake, akamkuta Arnaldo kwenye meza za nyanya na msichana wa suruali nyeupe. Asubuhi ile ile Arnaldo alikuwa amempigia simu: "Leo hatutaonana, mpenzi. Nina masomo."

Kumbe masomo yenyewe yamepaka rangi ya mdomo.

Walikuwa wachumba miaka minne. Arnaldo alipoomba kusoma uzamili wa uchumi, madarasa ya jioni baada ya kazi ya stoo, Nimia ndiye aliyetembea kwa miguu hadi kanisa la hija la Bikira wa Caacupé kumwombea apate nafasi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita. Sasa alijiuliza kama hakuomba kupita kiasi.

Msichana alimimina maji ya barafu kwenye kikombe cha tereré, chai baridi ya majani, akanywa kwa mrija, akajaza tena, akampa Arnaldo. Arnaldo akanyonya kwa mrija ule ule. Nimia akawasogelea.

"Masomo yanaendeleaje?"

Arnaldo nusura apaliwe. "Nimia. Huyu ni Lis, tunaandika tasnifu pamoja. Tunakusanya bei."

"Naona mnakusanya mengi."

Lis akajaza kikombe, akamnyooshea. "Karibu, dada. Jua kali."

"Asante," alisema Nimia, bila kukigusa.

Kwenye tereré, asante husemwa na aliyetosheka. Arnaldo alielewa ametosheka na nani.

"Usinifanyie hivyo, roho yangu. Wiki tano tunazunguka hapa. Tazama mwenyewe." Akamfungulia daftari.

Nimia alisoma bila kutaka: nyanya, Ña Deolinda, kilo moja kwa elfu kumi na tano.

"Nani kakwambia kumi na tano?"

"Yeye mwenyewe."

Nimia akamgeukia mwenye meza. "Ña Deolinda, mimi huniuzia kwa ngapi?"

Mama wa nyanya aliwatazama wote watatu. "Wewe, binti yangu, elfu tisa. Hawa wana kalamu. Nilidhani ni watu wa ofisi, wenye pesa."

Lis akakaa juu ya kreti tupu. Bei zote za wiki tano zilikuwa za wenye daftari, na tasnifu ilitakiwa mwezi ujao. Nimia alitaka kufurahi, akashindwa. Uso wa Arnaldo ulikuwa umesinyaa kama wa mtu aliyefiwa.

"Ungeniuliza," Nimia alisema taratibu. "Kila Jumamosi niko humu."

"Niliona haya. Nilitaka nije kwako nimeshamaliza, niwe mtu wa maana."

"Ukatafuta wa kunywa naye kabla hujawa wa maana."

"Lis ana mume, Nimia."

"Na mimi ningekuwa na wangu, kama usingengoja shahada."

Ña Deolinda alijifanya anapanga nyanya. Arnaldo akasema, "Tusingoje basi. Jumatatu twende kwa padri."

"Jumatatu una darasa."

"Jumanne."

Nimia alimwangalia mpaka akaamini. Akachukua daftari, akafuta kumi na tano, akaandika tisa, akalificha kifuani.

"Kaeni hapa. Vitunguu nitauliza mimi."

Alipiga hatua tatu, akageuka.

"Lis, wewe njoo. Yeye abaki na nyanya."