Simu ya Zahanati Iliyolala

Kila Jumamosi Chiriku alikuwa na kazi tatu katika zahanati ya mama yake: kufagia chumba cha mbele, kupanga viti vya wagonjwa na kuchunga simu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi ya tatu ndiyo aliyojivunia. Chumba cha ndani kilikuwa na friji la chanjo linalotumia umeme wa jua, na ndani ya friji hilo kifaa kidogo cha kupima joto. Joto likizidi nyuzi nane, kifaa kilituma taarifa kwa intaneti na simu ikapiga king'ora.

"Watoto thelathini wanakuja kuchanjwa saa nne," alisema mama yake, muuguzi, huku akibeba mkoba wake. "Nakwenda mtaa wa pili kumfunga babu kidonda. King'ora kikilia, kimbia uniite. Na simu hiyo si ya mchezo."

"Nimesikia, mama. Utaniambia mara ngapi?"

"Mpaka likuingie."

Mama alipokata kona tu, Chiriku alifungua video za kucheza muziki. Alitazama moja, akatazama ya pili, akasimama na kujaribu mitindo yenyewe mbele ya viti vitupu. Alipokuja kuangalia chaji, ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Simu ikizimika, mama atajua kila kitu.

Akaingia kwenye mipangilio na kubonyeza palipoandikwa "Okoa chaji kabisa". Kioo kikafifia. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba simu itaungana na mtandao mara moja tu kwa saa, lakini Chiriku hakuyasoma. Aliliona neno "chaji", likamtosha. Akashika ufagio wake kwa raha zote.

Saa nne na dakika kumi, wazazi wakiwa wamejaa kwenye viti na mama yake akiingia mlangoni, king'ora kililia. Chiriku alitazama kioo: "Friji nyuzi tisa. Imetumwa saa tatu na dakika ishirini." Akausoma tena mstari wa pili, kisha kidole chake kikaufuta ujumbe kabla hata hajaamua.

Muuguzi alikimbilia chumba cha ndani. Mlango wa friji ulikuwa wazi kidogo. Ncha ya boksi la chanjo ilikuwa imeuzuia usifungike.

"Ujumbe umeingia lini?"

"Sasa hivi, mama."

Ulikuwa umeingia sasa hivi kweli. Hivyo ndivyo Chiriku alivyojiambia.

"Afadhali! Dakika chache hazina neno." Mama aliusukuma mlango, akanawa mikono, akamwita wa kwanza. Aliingia mwanamke aliyembeba mtoto mchanga wa kike, akaketi na kumvua soksi. Muuguzi akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mtoto alikuwa akimtazama Chiriku na kunyonya ngumi yake.

Chiriku, ambaye siku zote maneno yalimtoka bila kuitwa, aliitazama sindano, kisha akamtazama mtoto. Muuguzi alikuwa ameshaushika mguu wa mtoto na kuusafisha kwa pamba.

"Mama, usimchome!"

Sindano ilisimama hewani.

"Ujumbe ulitumwa saa tatu na dakika ishirini. Nilimaliza chaji kwa video, nikaweka simu iokoe chaji, na king'ora kikachelewa kulia. Nimeufuta. Nisamehe, mama."

Muuguzi aliiweka sindano chini, akamwomba radhi mwanamke yule, akachukua simu yake mwenyewe na kuwapigia watu wa bohari ya chanjo. Walimwambia azitenge zote, asitumie hata moja. Nyingine zitaletwa kwa pikipiki baada ya muda wa saa tatu.

"Nenda kawaambie wanaongoja," alisema. "Wewe mwenyewe. Na uwaambie sababu."

Chiriku alikwenda. Wengine walimsonya, baba mmoja aliuliza kama zahanati sasa inaendeshwa na watoto, na hakuna aliyemwambia pole. Aibu ilimuuma hasa.

Mchana alitumwa kupeleka simu kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Mzee Antena kwa urefu wake.

"Simu ikiungana na mtandao wakati wote, inakula chaji," alieleza fundi, akibonyeza kioo. "Ukiilaza fofofo, chaji inabaki, lakini anayebisha hodi anasubiri nje. Basi tunachagua. Video zilale, picha zilale. Taarifa ya friji peke yake iachwe macho." Akamkazia jicho. "Na safari hii soma mpaka mstari wa mwisho, msemaji mkuu."

Chanjo mpya zilifika saa saba na nusu. Mtoto yule wa kike alichomwa wa kwanza, akalia mpaka nje wakasikia, na mama yake akambembeleza huku akicheka. Muuguzi alipomaliza watoto wote thelathini, alimketisha Chiriku kando yake.

"Mlango wa friji sikuufunga vizuri mimi, na hilo nimeliandika kwenye ripoti," alisema. "Kuchezea simu ni kosa lako, na adhabu utaipata. Lakini sikiliza. Chanjo iliyoharibika kwa joto haina rangi nyingine wala harufu. Ningemchoma mtoto yule, mama yake angeniambia asante, wakaenda nyumbani wakijua amekingwa, kumbe hana kinga yoyote. Uliponiambia 'sasa hivi' hukusema uongo, Chiriku, ila ulinificha jambo nililohitaji kulijua. Ukweli useme wote, na useme mapema, mtu akiwa bado anaweza kuuzuia mkono wake."